Jinsi ya Kutambua Konokono Koni, Kuanzia Kombe Hadi Jino

Konokono koni ni konokono wa baharini wenye sumu, wa familia ya Conidae. Spishi zinazojulikana zimepita 800, na nyingi ziko kwenye maji ya joto ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Wengi wanaoanza kuwatambua huanza na rangi: hufungua picha, hulinganisha, na wakipata linalofanana huandika jina. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya makosa kwenye mikusanyo ya makombe. Ndani ya spishi moja rangi inaweza kubadilika kutoka nyeupe hadi kahawia iliyokolea, na spishi mbili zisizo na undugu wa karibu zinaweza kuvaa madoa yale yale. Anza na umbo, uje kilele, kisha nakshi za uso, na rangi iwe ya mwisho. Pale kombe linapokataa kuamua, fungua mwili ulitazame jino, lile bomba lenye ncha analochomea sumu kupitia mkonga wake.

Kabla hujamshika

Koni aliye hai hashikwi kwa mkono. Hakuna upande wa kombe ulio salama, hata ule mpana wenye kilele, kwa sababu mkonga wake hunyooka na kupinda hadi kufika karibu kila sehemu ya kombe lake mwenyewe. Glavu nyembamba za mpira na nguo za kuogelea hazizuii jino. Tumia kibanio kirefu, na umweke kwenye ndoo au chupa ya plastiki ngumu. Usimtie mfukoni wala kwenye mfuko wa kitambaa.

Vifo vingi vilivyorekodiwa vimesababishwa na Conus geographus, anayekula samaki. Mchomo wake unaweza usiume sana, na hapo ndipo hatari ilipo, maana mtu hudharau. Baadaye huja ganzi, udhaifu wa misuli, kuona vitu viwili viwili, na mwisho misuli ya kupumua hukataa kazi. Hakuna dawa ya kuua sumu hii. Mtu akichomwa, mlaze, funga kiungo chote kwa bendeji pana kwa mkazo wa wastani, kizuie kisitikisike, na umpeleke hospitali mara moja huku ukiangalia pumzi yake. Pumzi ikikatika, mpulizie mpaka msaada ufike. Walionusurika katika hali mbaya wamenusurika kwa kupumuliziwa. Usichanje jeraha wala kulinyonya.

Ukiinua jiwe kumtafuta, lirudishe kama lilivyokuwa. Vifuko vya mayai ya koni hugandishwa chini ya mawe, na jiwe lililoachwa limepinduka huua kila kilichokuwa chini yake. Kama huna kibali cha kukusanya, piga picha, andika vipimo, umwache palepale. Kwa sehemu kubwa ya kazi iliyoelezwa hapa, kombe tupu linatosha.

Hakikisha kwanza kuwa ni koni

Lishike kombe kilele kikiwa juu na mlango ukikutazama. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyolipiga picha, ingawa kwa konokono mwenyewe ncha nyembamba iliyo chini ndiyo mbele: hapo hutokeza sifoni, mrija wa kuvutia maji.

Koni ana mambo manne kwa pamoja. Mzunguko wa mwisho ni mkubwa na huficha karibu kombe lote. Mlango ni mrefu na mwembamba, ukienda karibu urefu wote wa mzunguko huo. Mdomo wa nje ni mwembamba, haunenepi wala hauna meno. Nguzo, yaani ukuta wa ndani ambao mizunguko inauzunguka, ni laini bila mikunjo.

Hilo la nguzo ndilo linalotenganisha haraka zaidi. Konokono wa familia ya Mitridae wanaweza kuwa na umbo la koni, lakini chungulia ndani ya mlango na utaona mikunjo kadhaa inayozunguka nguzo. Wale wa Olividae wana kombe linalong'aa, mikunjo kwenye nguzo, na mfereji mwembamba kwenye mshono, yaani pale mzunguko mmoja unapokutana na mwingine. Anayewadanganya watu wengi zaidi ni Conomurex luhuanus. Kwa mbali ni koni kamili. Angalia mdomo wake wa nje karibu na ncha ya mbele: kuna pengo dogo, ambalo jicho la mnyama huchungulia. Nguzo yake ina weusi au kahawia iliyokolea, na kifuniko cha mlango kimepinda na kina meno pembeni. Kifuniko cha koni ni kidogo mno kuweza kuziba mlango.

Vipimo vinne, uwiano tatu

Umbo lisilopimwa ni maoni tu. Unahitaji kalipa inayosoma hadi milimita 0.1, na vipimo vinne:

Urefu wa kombe (U): kutoka ncha ya mbele hadi kilele.
Urefu wa mlango (M): kutoka ncha ya mbele hadi pale mlango unapoishia juu, ukipima sambamba na mhimili wa kombe.
Upana mkubwa (P): sehemu pana kuliko zote.
Kimo cha upana mkubwa (K): kutoka ncha ya mbele hadi usawa wa sehemu hiyo pana.

Kutokana na hivyo unapata unene wa umbo, P ÷ M. Kimo cha kilele, (U − M) ÷ U. Na mahali pa upana, K ÷ M. Tuseme kombe lina U 42.0, M 36.5, P 24.0 na K 32.5, zote milimita. Unene wa umbo ni 0.66, kilele ni 0.13, na mahali pa upana ni 0.89. Kwa maneno: koni wa unene wa kati, kilele kifupi, upana ukiwa juu karibu na bega, yaani ukingo wa juu wa mzunguko. Orodha ya spishi mia mbili imeshapungua sana kabla hujataja rangi.

Kosa la kawaida ni kupima M kwa kufuata ukingo wa mdomo uliopinda badala ya mhimili. Hilo huongeza milimita kadhaa na kuvuruga uwiano wote. Kosa la pili ni kulipima kombe lililovunjika mdomo au lililosagika kilele kana kwamba ni zima. Andika "kilele kimelika" na usitumie kipimo cha U.

Kumbuka pia kwamba mdomo wa koni haubadiliki akikomaa. Konokono wengine hunenepesha mdomo wakishakua, nawe ukajua huyu ni mzima; koni hakupi alama hiyo. Kwa hiyo udogo peke yake hauthibitishi kuwa ni spishi yenye umbo dogo. Linganisha makombe ya urefu unaokaribiana.

Kilele na bega

Geuza kombe ulitazame kutoka juu, kwa lenzi ya kukuza mara 10. Hapa ndipo pana habari nyingi kuliko mahali pengine popote kwenye kombe, na hapa ndipo watu hupita haraka.

Katikati kabisa kuna kombe la utotoni, lile alilokuwa nalo akiwa lava, yaani mtoto kabla ya kupata umbo la mkubwa. Hesabu mizunguko yake. Likiwa na mizunguko mitatu au zaidi, membamba na laini, lava huyo aliogelea na kula baharini kwa muda kabla ya kutua, na spishi za namna hiyo huwa zimeenea mbali. Likiwa na mzunguko mmoja na nusu hivi, nene na butu, mtoto alitoka kwenye yai akiwa karibu tayari kutambaa. Spishi hizi hukaa eneo dogo. Visiwa vya Cabo Verde vina koni wengi wasiopatikana kwingine duniani, na kukosa lava wa kusafiri ni sehemu kubwa ya maelezo. Ukipata kombe la utotoni butu na jina unalotaka kuandika ni la spishi iliyoenea bahari nzima, simama hapo. Jina hilo huenda si sahihi.

Baada ya hapo fuata mshono kuelekea nje. Je, bega la mizunguko ya mwanzo lina vinundu? Vinaendelea hadi mzunguko wa mwisho au vinapotea njiani? Conus marmoreus na Conus ebraeus wana vinundu hadi mwisho. Spishi nyingine huwa navyo kwenye mizunguko michache ya kwanza tu, na ukiangalia bega la nje pekee utasema hana. Eneo kati ya mshono na bega laweza kuwa bapa, lenye shimo kidogo, au lililovimba. Laweza kuwa na mistari ya kuzunguka, nayo ihesabu. Bega lenyewe andika kama ni la pembe kali, la pembe butu au la mviringo.

Kombe lililookotwa ufukweni limesuguliwa na mchanga, na kilele ndicho huliwa kwanza. Kombe la namna hiyo lina thamani ndogo kwa utambuzi, hata kama rangi yake bado ni nzuri.

Nakshi na rangi

Koni hai amefunikwa utando wa nje, mara nyingine mwembamba unaopitisha mwanga, mara nyingine mnene wa kahawia unaoficha kila kitu. Usiutoe kwenye sampuli zote. Bakiza moja au mbili na utando wake, kwa sababu wenyewe una vishungi na mistari inayosaidia. Kwenye nyingine, loweka kombe tupu kwenye dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukiangalia kila baada ya dakika 15, kisha suuza sana. Usitumie siki wala asidi yoyote. Kombe ni kabonati ya kalsiamu, na asidi hula nakshi kabla hujatambua.

Rangi ina tabaka. Kuna rangi ya msingi, kuna mikanda, kuna madoa au mistari juu yake, na kuna rangi ya ndani ya mlango na ya ncha ya mbele. Hizi mbili za mwisho hazitazamwi vya kutosha. Mfano mzuri ni Conus leopardus na Conus litteratus: wote wazito, weupe, wenye safu za madoa meusi, kilele kimekaribia kuwa bapa. Geuza kombe uitazame ncha ya mbele. C. litteratus ana weusi hapo, C. leopardus hana. Alama moja imemaliza ubishi ambao madoa elfu yasingeumaliza.

Pembetatu nyeupe zilizopangana kama mahema, zikiwa na mistari ya kahawia, humfanya mtu aseme Conus textile papo hapo. Mara nyingi ni kweli, lakini koni kadhaa wa kundi lake wana mchoro huo. Rudi kwenye uwiano na kilele.

Mwili: sehemu unazohitaji kuzijua

Mbele kuna kichwa chenye vishikio viwili, kila kimoja kikiwa na jicho. Juu yake hutokeza sifoni, ambayo rangi yake kwa mnyama hai hutofautiana kati ya spishi. Ipige picha akiwa anatembea, kwa sababu ikishalowekwa kwenye kileo hupauka. Ndani ya chumba cha joho, utando unaotengeneza kombe, kuna shavu moja la kupumulia, na kando yake kiungo cha kunusa maji yanayoingia kwa sifoni. Koni humnusa windo muda mrefu kabla ya kumgusa.

Kifaa cha sumu ndicho alama ya kundi. Mrija mrefu uliojikunja hutengeneza sumu, na mwisho wake wa nyuma kuna tezi nene ya misuli inayoisukuma. Mbele, karibu na mahali mrija unapofungukia, kuna mfuko wa radula, yaani mfuko wa meno, wenye mikono miwili. Mkono mrefu hutengeneza na kuhifadhi meno. Mkono mfupi hushika yaliyo tayari. Jino ni kipande cha kitini, dutu ngumu kama ya maganda ya wadudu, kilichoviringishwa kikawa bomba lenye ncha. Linapohitajika, moja hupelekwa hadi mwisho wa mkonga, hujazwa sumu na kuchomwa kwa windo. Jino likishatumika halirudishwi tena; la pili huchukua nafasi yake.

Sumu ya kila spishi ni mchanganyiko wake. Dawa ya maumivu makali, zikonotaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2004, ilitokana na sumu ya Conus magus. Sampuli ya sumu iliyobandikwa jina la spishi isiyo yake hupoteza kazi ya maabara nzima. Ndiyo maana utambuzi si suala la kupanga makombe kabatini tu.

Kulitoa jino

Hatua hii ni ya mtu mwenye kibali na sampuli iliyohifadhiwa vizuri.

Mlegeze kwanza mnyama kwa kumweka kwenye myeyusho wa kloraidi ya magnesiamu, gramu 75 za fuwele zenye maji kwa lita moja ya maji yasiyo na chumvi. Subiri mpaka mguu usijikunje ukiguswa kwa kibanio. Ukimtumbukiza kwenye ethanoli bila kumlegeza, hujivuta ndani, ethanoli haifiki mwilini vizuri, na nyama huoza ndani ya kombe lililoonekana salama.

Mgandishe usiku mmoja, myeyushe, kisha ingiza ndoano ndogo kwenye mguu na uvute huku ukizungusha kombe kufuata mzunguko wake. Sehemu ya nyuma, yenye ini na viungo vya uzazi, mara nyingi hukatika na kubaki juu; kichwa na mfuko wa radula hutoka. Kabla ya jambo lolote lingine, kata kipande cha mguu cha milimita 3 kwa 3 ukiweke kwenye ethanoli ya asilimia 95, ethanoli ikiwa angalau mara tano ya ujazo wa nyama, na uibadilishe baada ya saa 24. Chukua mguu, usichukue tumbo, ambalo lina DNA ya windo. Formalini usiiguse: huharibu DNA, na ikiwa na asidi huharibu hata kombe.

Sasa pasua mwili kutoka juu, katikati ya vishikio kwenda nyuma. Utaona mrija wa sumu uliojikunja; ufuate hadi pale unapofungukia, na mfuko wa radula uko hapo hapo. Tumia kibanio muda wote, maana meno hubaki makali hata mnyama akiwa amekufa. Weka mfuko kwenye kisahani chenye haidroksaidi ya potasiamu ya asilimia 10, usiku mmoja kwa joto la chumba. Nyama huyeyuka na meno hubaki. Wanaotaka haraka hutumia dawa ya klorini kwa dakika chache, lakini ikizidi hula kingo za meno, na kingo ndizo unazozitafuta. Suuza mara tatu kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, pandisha meno matano au zaidi kwenye kioo cha hadubini, na uyatazame kwa ukuzaji wa mara 100 hadi 400. Chagua yaliyokamilika kutoka mkono mfupi; yale ya ndani kabisa ya mkono mrefu hayajamaliza kuumbika.

Andika urefu wa jino ukilinganisha na urefu wa kombe, idadi ya vijino kwenye ukingo, uwepo wa kiuno katikati ya shina, na uwepo wa mwiba kwenye kitako. Koni wanaokula minyoo, ambao ndio wengi, kwa kawaida wana jino fupi na nene lenye kiuno na mwiba wa kitako. Wanaokula konokono wenzao, kama C. textile, wana jino refu jembamba. Miongoni mwa wanaokula samaki, C. striatus ana jino refu lenye ndoana kwenye ncha, linalomshika samaki asiponyoke. Tahadhari na wadogo: C. magus akiwa mchanga hula minyoo na huwa na jino la namna nyingine, kwa hiyo jino la mtoto lisilinganishwe na la mkubwa.

Nguvu ya jino inaonekana kwa Conus ebraeus, mweupe mwenye safu za mabaka meusi ya mraba. Mwaka 1895 mtaalamu wa konokono Bergh alitaja spishi nyingine, Conus judaeus, kwa kutofautisha meno yake. Makombe yao yanafanana kiasi kwamba kwa zaidi ya karne karibu kila mtu aliyahesabu kuwa spishi moja, hadi DNA ilipothibitisha mwaka 2009 kwamba ni mbili. Kama una kombe tupu la umbo hili kutoka mahali wanapoishi wote wawili, huwezi kuamua kwa kombe pekee.

DNA inayosomwa kwa kawaida ni kipande cha jeni ya COI chenye herufi 658. Ute wa koni huzuia kunakiliwa kwa DNA. Zidisha usafishaji, au punguza ukolezi wa DNA mara 10 na ujaribu tena kabla ya kusema sampuli imeharibika.

Kumpa jina na mahali pake

Faila Mollusca, ngeli Gastropoda, oda Neogastropoda, familia kuu Conoidea, familia Conidae. Hadi hapo mabishano ni machache. Jenasi ndiyo iliyosumbua. Linnaeus alianzisha Conus mwaka 1758, na kwa muda mrefu karibu wote walibaki humo. Mwaka 2009 wataalamu Tucker na Tenorio waliwagawa katika jenasi nyingi kwa kufuata kombe na jino. Mwaka 2014 uchambuzi wa DNA ukapendekeza jenasi nne: Conus yenye spishi nyingi, Conasprella, Profundiconus wa kina kirefu, na Californiconus yenye spishi moja. Chache zimeongezwa baadaye.

Ukikuta jina Cylinder textile kwenye kibandiko cha zamani kidogo na Conus textile kwenye kingine, ni mnyama yule yule. Njia salama ni kuandika jenasi pana na jenasi ndogo kwenye mabano: Conus (Cylinder) textile Linnaeus, 1758. Jina la mtaalamu halina mabano pale spishi inapobaki kwenye jenasi aliyoiweka mwenyewe. Ikihamishwa, mabano huwekwa: Californiconus californicus (Reeve, 1844).

Kibandiko kiwe na mahali pamoja na vipimo vya ramani, kina cha maji, aina ya sakafu ya bahari, tarehe, jina la aliyekusanya, jina la aliyetambua, na alitumia nini kutambua: kombe, jino au DNA. Kombe likifanana na spishi fulani lakini hukupata alama zote, andika Conus cf. ebraeus. Ukiona ni ndugu wa spishi hiyo lakini una hakika si yenyewe, andika Conus aff. ebraeus. Ukiwa na jenasi tu, Conus sp. inatosha, na sampuli hiyo iwekwe pamoja na ethanoli yake ili mwingine aimalize.